Kuripoti hotuba ya mwanasiasa bila kupendelea: mwongozo kamili kwa watangazaji wa umma

Shirika la utangazaji la umma ni mali ya watu wote, wakiwemo waliompigia kura kiongozi aliyeko madarakani na waliomkataa, na kwa sababu hiyo linapoichukua sauti ya mwanasiasa na kuifikisha majumbani linafanya kazi kwa niaba ya wote hao kwa pamoja. Nchi nyingi zimeuweka wajibu huu katika maandishi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 34, inavitaka vyombo vya habari vinavyomilikiwa na serikali viamue kwa uhuru maudhui ya matangazo yao, visiegemee upande wowote, na vitoe nafasi ya haki kwa maoni tofauti na ya wanaopinga. Nchini Uingereza, BBC inafungwa na Hati ya Kifalme, yaani waraka unaoliunda shirika hilo, pamoja na kanuni za Ofcom, mdhibiti wa utangazaji. Hata hivyo, hakuna katiba inayomwambia mhariri akate sauti katika sekunde ipi, atumie kitenzi gani, au afanye nini mzungumzaji anapotaja takwimu isiyo sahihi dakika tano kabla ya taarifa ya habari. Humo ndimo upendeleo unamoingia, mara nyingi bila mtu yeyote kuukusudia.

Kipimo ninachopendekeza ni kimoja, na hatua zote zinazofuata zinatokana nacho: mtu aliyesimama mkutanoni tangu mwanzo hadi mwisho, awe shabiki wa mzungumzaji au mpinzani wake, akiisikia taarifa yako jioni aitambue kuwa ndiyo hotuba aliyoisikia mchana.

Amua kwanza kwa nini hotuba hii ni habari

Kazi huanza kabla ya gari kuondoka. Cheo cha mzungumzaji peke yake hakitoshi kuwa sababu ya kuripoti, ingawa katika vyumba vingi vya habari ndiyo sababu inayotumika bila kutamkwa. Mwaka 1926, wakati wa mgomo mkuu wa wafanyakazi nchini Uingereza, Waziri Mkuu Stanley Baldwin alipewa kipaza sauti cha BBC, ilhali Ramsay MacDonald, kiongozi wa upinzani, aliyeomba nafasi ya kuzungumza, hakupewa. BBC wakati huo ilikuwa bado kampuni chini ya John Reith, na ilikuwa imebakiza miezi michache tu kuwa shirika la umma, tarehe 1 Januari 1927. Uamuzi ule unakumbukwa mpaka leo kwa sababu wasikilizaji wanaweza kusahau kilichosemwa, lakini hawasahau ni nani aliyenyimwa nafasi ya kusema.

Kwa hiyo mhariri wa zamu aandike katika kitabu cha mipango, kwa sentensi moja, sababu ya kuifuatilia hotuba hiyo: ina uamuzi mpya, ina tuhuma nzito, inabadilisha msimamo wa chama, au inagusa jambo linalojadiliwa na umma wiki hiyo. Kisha ajiulize swali la pili: maneno hayohayo yangetamkwa na mtu wa upande wa pili, tungetuma kamera? Jibu likiwa hapana, sababu iliyoandikwa haitoshi. Swali hili lina uzito mkubwa zaidi wakati wa kampeni, pale kiongozi aliyeko madarakani anapozindua barabara asubuhi na kuomba kura jukwaani hapohapo. Uzinduzi ni shughuli ya kiserikali na unaweza kuripotiwa hivyo, ila sehemu ya kuomba kura ni kampeni, na inapaswa kuhesabiwa, kupangwa na kujibiwa kama kampeni.

Pata rekodi nzima, wala usitegemee karatasi

Wasaidizi wa wanasiasa hugawa hotuba iliyoandikwa kabla ya mzungumzaji kupanda jukwaani, na mwandishi aliyebanwa na muda huandaa taarifa yake kutoka kwenye karatasi hiyo. Ni tabia ya hatari. Mzungumzaji huruka kurasa, huongeza maneno ya papo kwa papo, na mara nyingine husema kinyume cha kilichoandikwa. Taarifa inapaswa kueleza kilichotamkwa. Ikiwa kipengele muhimu kimo kwenye karatasi lakini hakikutamkwa, jambo hilo lenyewe linaweza kuwa habari, mradi lielezwe wazi kwamba halikutamkwa.

Rekodi hotuba yote, hata kama utatumia sekunde ishirini tu. Unaposikiliza kwa mara ya pili, andika dakika na sekunde za kila kauli unayofikiria kuitumia, pamoja na sentensi mbili zilizoitangulia na mbili zilizoifuata. Orodha hiyo iambatane na taarifa inapopelekwa kwa mhariri, kwa sababu mhariri ambaye hakuwepo mkutanoni hana njia nyingine ya kujua kipande kilichoko mbele yake kimetoka katika mazingira gani.

Chagua kipande kinachobeba hoja yote

Tuchukue mfano wa kubuni. Waziri anasema: "Naambiwa hospitali zetu hazina dawa. Ni kweli, mwaka jana tulikuwa na upungufu, sikatai. Mwaka huu tumeongeza bajeti ya dawa kwa asilimia 20, na asiyeamini aende akaangalie mwenyewe." Mwandishi mmoja anarudi na kichwa kisemacho, "Waziri akiri hospitali hazina dawa." Mwingine anaandika, "Serikali yamaliza tatizo la dawa." Wote wawili walikuwepo, wote wana rekodi, na wote wamepotosha. Wa kwanza ameyageuza maneno ambayo waziri aliyataja kama ya watu wengine yakawa maneno yake mwenyewe, tena akahamisha hali ya mwaka jana kuileta mwaka huu. Wa pili ameipa serikali ushindi ambao hata waziri hakuudai, maana alizungumzia kuongeza fedha wala hakusema tatizo limekwisha. Kichwa cha haki hakina mbwembwe: "Waziri asema bajeti ya dawa imeongezwa kwa asilimia 20 baada ya upungufu wa mwaka jana." Aliyekuwepo mkutanoni ataitambua hotuba hiyo, na msikilizaji aliyeko nyumbani amebakiwa na swali halali la kuuliza, yaani iwapo fedha hizo zimefika hospitalini.

Sehemu tatu za hotuba hupotoshwa kwa urahisi zaidi kuliko nyingine. Ya kwanza ni pale mzungumzaji anaponukuu maneno ya mpinzani wake ili ayajibu. Ya pili ni sharti: "tukishindwa kukubaliana, tutajitoa" si sawa na "tutajitoa." Ya tatu ni utani, ambao ukiandikwa bila kicheko cha umati huonekana kuwa tishio. Kila moja ya hizi ikichaguliwa, kinachoizunguka lazima kiingie pamoja nayo, na ikiwa muda hautoshi kukiingiza, chagua kipande kingine.

Tazama kitenzi, na usiache sauti ya mwanasiasa igeuke kuwa sauti yako

Kiswahili kina vitenzi vingi vya kuripoti maneno, na kila kimoja kina uzito wake. Ukisema mtu "amebainisha", "amefichua" au "amefafanua", umekwisha kumthibitishia msikilizaji kwamba alichosema ni kweli. Ukisema "amedai", umemtia shaka. "Amekiri" humfanya mkosaji, "amejigamba" humkejeli. Sikiliza matangazo ya wiki moja ya kituo chako huku ukiandika ni nani "anabainisha" na ni nani "anadai". Mara nyingi utaona mstari ulionyooka unaowatenganisha walioko serikalini na walioko nje. Kitenzi salama ni "kusema", na hakuna ubaya kukirudia. "Kudai" kitumike kwa tuhuma ambazo hazijathibitishwa, kwa pande zote. Heshima nayo ifuate kanuni moja: wote waitwe kwa vyeo vyao katika kutajwa mara ya kwanza, au pasiwe na anayeitwa hivyo.

Kasoro ya pili ni ya kisarufi, na kwa maoni yangu ndiyo inayoleta madhara makubwa zaidi katika taarifa za redio. Sentensi ya kwanza husema, "Mgombea huyo amesema kilimo kimekua." Sentensi ya pili huendelea, "Wakulima sasa wanapata mbolea kwa wakati na mavuno yameongezeka maradufu." Neno "amesema" limetoweka, na msomaji wa habari sasa anatangaza kwa sauti ya shirika kwamba mavuno yameongezeka maradufu. Msikilizaji wa redio hawezi kurudi nyuma kuangalia nani alisema nini. Basi kila sentensi yenye dai itaje mwenye dai, hata kama masikio ya mwandishi yatachoka: "kwa maelezo yake", "aliongeza kuwa", "mgombea huyo amesema pia". Mhariri apitie taarifa akitafuta jambo hilo moja pekee kabla ya kusoma kitu kingine chochote.

Unapokata na kuunganisha, mshono uonekane

Tukio linalopaswa kufundishwa katika kila chumba cha habari ni la kipindi cha Panorama cha BBC. Mwezi Oktoba 2024, siku chache kabla ya uchaguzi wa Marekani, kipindi hicho kilirusha makala kuhusu Donald Trump, na ndani yake kikatumia hotuba aliyoitoa Washington tarehe 6 Januari 2021, siku ambayo jengo la Bunge la Marekani lilivamiwa. Watazamaji walimwona akiwaambia wafuasi wake kwamba wangekwenda pamoja hadi bungeni na kwamba wangepambana vikali, kana kwamba maneno hayo yalifuatana. Katika hotuba yenyewe, baada ya kusema wangetembea hadi bungeni, aliendelea kwa kusema wangewashangilia maseneta na wabunge wao, na yale maneno ya kupambana yalikuja zaidi ya dakika 50 baadaye. Kauli yake ya kuwataka watu wapaze sauti zao kwa amani na uzalendo haikuwemo katika kipande hicho. Hapakuwa na alama yoyote ya kumwonyesha mtazamaji kwamba kuna kilichokatwa.

Jambo hilo lilijadiliwa ndani ya shirika miezi kadhaa kabla halijafika kwa umma. Lilipofika, mwezi Novemba 2025, Mkurugenzi Mkuu Tim Davie na mkuu wa habari Deborah Turness walitangaza kujiuzulu, naye mwenyekiti wa bodi, Samir Shah, akaomba radhi kwa kile alichokiita kosa la uamuzi.

Kila kipande kilichotumika kilikuwa cha kweli, kwa sauti ya Trump mwenyewe. Uongo ulikuwa katika mshono. Mtu anaweza kuamini, kwa hoja nzito, kwamba hotuba ile kwa ujumla wake ilichochea uvamizi. Hiyo ni hukumu, na hukumu ina mahali pake: katika maneno ya msimulizi yanayosikika wazi kuwa ni ya msimulizi, katika mahojiano na wataalamu, au katika ushahidi uliotolewa mbele ya vyombo vya sheria. Haina mahali katika mkasi, kwa sababu mtazamaji akiona picha ya mtu akizungumza huamini kwamba anamsikia mtu huyo, na hana namna ya kubishana na kata asiyoiona.

Kanuni za kazi hapa ni chache na hazina utata. Sauti za sehemu mbili za hotuba zisiunganishwe bila kitu katikati. Weka sauti ya mwandishi ikisema "baadaye katika hotuba hiyo", au mwako mweupe unaoonekana wazi kwenye picha. Mpangilio wa vipande ufuate mpangilio wa hotuba, na ukilazimika kuugeuza, mtazamaji aambiwe. Usiondoe neno la katikati ya sentensi kwa nia ya kufupisha. Makofi na zomeazomea zibaki pale zilipotokea, kwani picha ya umati unaoshangilia iliyochukuliwa saa moja kabla, ikibandikwa baada ya kauli iliyopokewa kwa ukimya, ni uongo wa aina ileile. Kamera nayo ihukumiwe kwa kipimo hicho: uwanja uliojaa nusu hauonekani kujaa ila kwa kuchagua pembe, na uwanja uliojaa hauonekani mtupu ila kwa kuchagua pembe pia. Idadi ya watu inayotolewa na waandaaji itajwe kuwa ni ya waandaaji, au isitajwe.

Hotuba iliyotolewa kwa lugha nyingine inahitaji uangalifu wa ziada, maana anayeisoma tafsiri hewani hubeba pia hisia za mzungumzaji. Kati ya Oktoba 1988 na Septemba 1994 serikali ya Uingereza ilipiga marufuku kurusha sauti za wawakilishi wa Sinn Féin, chama kinachotaka Ireland yote iungane, na makundi mengine ya Ireland ya Kaskazini, na watangazaji wakawa wanarusha picha zao huku waigizaji wakisoma maneno yao. Msikilizaji akawa anapata maneno bila mtu. Tafsiri inayosomwa kwa ukali kuliko asili, au kwa upole kuliko asili, huleta hasara hiyohiyo. Acha sauti halisi isikike kwa sekunde chache mwanzoni na mwishoni, na methali au fumbo litafsiriwe na watu wawili wanaoijua lugha hiyo, kila mmoja peke yake, kabla halijaenda hewani.

Hakiki madai ndani ya taarifa ileile

Kutopendelea hakumaanishi kurusha kila kitu kama kilivyo na kumwachia msikilizaji atafute ukweli mwenyewe. Tenganisha kwanza aina za kauli. "Nchi imepotea njia" ni maoni, hayahakikiwi. "Tutajenga shule 100" ni ahadi, na swali lake ni gharama na chanzo cha fedha. "Ajira zimeongezeka maradufu" ni dai la ukweli, nalo lipimwe kwa takwimu zilizochapishwa, hasa za ofisi ya takwimu au za wizara yenyewe, kwa sababu mzungumzaji wa upande wowote hawezi kuzikataa kirahisi.

Matokeo ya uhakiki yakae mara tu baada ya dai. Yakisukumwa hadi sentensi ya mwisho, nusu ya wasikilizaji watakuwa wamekwisha kuondoka. Lugha iwe ya hesabu, bila shutuma: "takwimu za wizara zinaonyesha ongezeko la asilimia 12." Kama hukupata muda wa kuhakiki, sema kwamba kituo hakijathibitisha takwimu hiyo, au iache nje. Na weka daftari la madai yote mliyohakiki, kwa tarehe na kwa chama, ulipitie kila mwezi. Madai ya upande mmoja yakihakikiwa mara kumi na ya upande wa pili mara moja, lazima pawe na maelezo yanayotokana na madai yenyewe.

Jibu, na mizani isiyo ya saa

Anayetuhumiwa kwenye hotuba ana haki ya kujibu kabla ya tuhuma kwenda hewani. Mwambie tuhuma yenyewe kwa maneno yaleyale yaliyotamkwa, si "tungependa maoni yako kuhusu mkutano wa leo", na mpe muda unaolingana na uzito wa tuhuma hiyo. Asipopatikana, sema hivyo, sema mlimtafuta kwa njia gani, na jibu lake likija kesho lipewe nafasi kwenye taarifa ya saa ileile.

Kuhusu kugawa dakika kwa saa ya mkononi, wengi huelewa vibaya. Sheria ya Mawasiliano ya Marekani ya mwaka 1934, katika kifungu cha 315, inataka wagombea wapewe fursa sawa ya kutumia kituo, lakini marekebisho ya mwaka 1959 yaliziondoa taarifa halisi za habari katika sharti hilo, kwa kuwa habari hazitokei kwa zamu. Dakika zihesabiwe kwa wiki na kwa kipindi chote cha kampeni, zikiwa chombo cha kugundua tatizo. Taarifa moja moja ipangwe kwa uzito wa kilichotokea.

Mizani ya uongo ni kosa la upande wa pili. Mwaka 2011 ripoti ya mtaalamu wa jenetiki Steve Jones, iliyoandaliwa kwa ajili ya bodi iliyokuwa ikiisimamia BBC, ilionya dhidi ya kuwapa wachache wanaopinga jambo lililothibitishwa kisayansi uzito sawa na wanasayansi wengi. Mwanasiasa akisema kwenye hotuba yake kwamba chanjo fulani inaua, huhitaji mwanasiasa mwingine wa kusema haiui. Unahitaji ushahidi, na uutaje.

Matangazo ya mubashara

Hapa muda wa kufikiri haupo, kwa hiyo fikra zitangulie. Kabla ya kuunganishwa na uwanja, mtangazaji awe na karatasi yenye madai ambayo mzungumzaji huyo amekuwa akiyarudia, pamoja na ukweli uliohakikiwa. Mhariri mmoja, aliyetajwa kwa jina, awe na mamlaka ya kukata, na masharti ya kukata yaandikwe mapema: uchochezi wa vurugu, kutaja anwani ya mtu binafsi, matusi ya kikabila au kidini. Tarehe 5 Novemba 2020 vituo vya ABC, CBS na NBC vya Marekani viliacha kurusha hotuba ya Rais Trump ikiwa bado inaendelea, kwa sababu ya madai yake yasiyo na ushahidi kuhusu wizi wa kura. Vile ni vituo vya biashara. Kwa shirika la umma naona ni bora kubaki hewani na kusahihisha mara hotuba inapoisha, isipokuwa pale ambapo maisha ya watu yamo hatarini, kwa kuwa raia ana haki ya kujua kiongozi wake anasema nini, hata anaposema uongo.

Kosa likitokea

Sahihisha siku hiyohiyo, katika kipindi kilekile, kwa sauti ya mtangazaji yuleyule. Taja kosa lilikuwa nini na usahihi ni upi. Maneno kama "huenda yalieleweka vibaya" humhamishia msikilizaji lawama. Mwandikie aliyekosewa kwa barua, bila kumsubiri alalamike. Toleo lenye kosa liondolewe kwenye tovuti na kuwekwa lililosahihishwa, likiwa na maelezo ya mabadiliko na tarehe yake. Mwisho, nenda kwenye maktaba ya picha na sauti, ukiwekee alama kipande kilichokatwa vibaya, na ukiambatanishe na rekodi nzima ya hotuba, ili mtayarishaji atakayekitafuta miaka mitano baadaye asikirushe tena akidhani ndivyo mtu yule alivyosema.